Mkuu, hiyo "Echoes" ya dakika 16 ifute kabla hujaisikiliza

Mkuu, kabla hujabonyeza chochote, futa hilo faili. Umeandika kwamba umeipata "Echoes", ule wimbo wa bendi ya Uingereza Pink Floyd, ya dakika 16 na nusu, na kwamba rafiki yako amekushauri ukifika kwenye sauti ya upepo katikati ya wimbo upeleke mbele kwa sababu pale ni makelele matupu. Ukauliza kwa nini watu wanausifia wimbo mrefu hivyo, uusikilize kwa spika au hedifoni, na ukiupenda uendelee na albamu gani. Nimesoma mara moja tu, tumbo likanikata. Wenzangu hapo juu wamekujibu kistaarabu, wamekupa historia ya rock ya Uingereza na kila kitu. Mimi nina neno moja: angalia dakika. Huo wimbo una dakika 23 na nusu hivi. Ukikuta pungufu ya hapo, umeuziwa kipande.

Najua kwa sababu niliuziwa hicho hicho, nikaishi nacho miaka.

Kulikuwa na jamaa anachoma CD kwenye kibanda karibu na stendi. Ukutani kabandika picha za wazungu wenye nywele mpaka kiunoni, na kila ukimuuliza jambo ana jibu, tena analitoa bila kukutazama, kama daktari bingwa. Nikamwambia nataka ule wimbo mrefu wa Pink Floyd ambao nilikuwa naishia kuusoma tu. Akasema zipo mbili: ya zamani, mkanda wake ulipata hitilafu katikati ndiyo maana kuna upepo, na hii mpya "iliyosafishwa". Iliyosafishwa! Nikalipa, na chenji nikamwachia kwa heshima ya utaalamu wake. Nimeshasamehe watu waliowahi kunikosea makubwa, lakini ile chenji bado inaniuma.

Alichonichomea kilitoka kwenye mkusanyiko wa mwaka 2001, wenye nyimbo 26 kwenye CD mbili. Jina la mkusanyiko wenyewe ni hilo hilo, Echoes. Yaani albamu imebeba jina la wimbo, halafu wimbo wenye jina lake ndio umepunguzwa kama dakika 7. Na haukupunguzwa na mhuni. Umepunguzwa na mafundi wanaoijua kazi yao, na nyimbo zote humo zimeunganishwa moja inaingia kwenye nyingine, kwa hiyo huwezi kusikia mshono. Ungekuwa umekatwa vibaya ningeshtuka siku ya kwanza. Na sigombani na mkusanyiko, CD ina mwisho wake. Nagombana na mtu anayekupa pungufu akaliita safi, na huyo rafiki yako naye nimeanza kumtilia shaka kwamba walisoma kwa mwalimu mmoja.

Sasa sikiliza hasara yenyewe. Ya kwanza ni ya kuchekesha, icheke haraka tuendelee. Kwenye shughuli ya ndugu yangu mmoja nilikaa meza moja na mzee aliyewahi kuishi Ulaya, akasema wimbo ule unajaza upande mzima wa santuri. Nikamwambia mzee wangu, shikamoo tena, lakini hapo umepotea, ni dakika 16, ninao nyumbani. Tukawekeana mbuzi choma. Nililipa. Mbuzi mzima hakuwa, ulikuwa mguu, ila kwa mshahara wangu wa wakati ule mguu nao ulikuwa mbuzi.

Hasara ya pili ndiyo isiyolipika. Sikio linakariri. Ukiusikiliza wimbo uliopunguzwa kwa muda mrefu, kichwa kinajua hapa kinaisha hiki kinaingia kile, na hakitaki kusikia kingine. Siku nilipoipata Meddle, albamu ya 1971 ambamo wimbo huu unakaa peke yake upande wote wa pili, nilidhani CD imekwama. Kweli kabisa. Niliitoa, nikaifuta na shati, nikairudisha. Kipande kinapita pale nilipozoea kiishie, kinaendelea, mimi nakunja uso namngoja mwimbaji. Kitu ambacho watu wanakisimulia kwamba kiliwapeleka mbali, mimi nilikisikiliza kama mkaguzi wa mahesabu, nahesabu kilichoongezwa wakati hakuna kilichoongezwa. Ile mara ya kwanza, ambayo mtu hujui kinachokuja, mimi sikuipata na siwezi kuipata tena. Wewe unayo bado, mkuu. Unataka kuitumia kwenye faili la dakika 16!

Haya, huo upepo. Wimbo unaanza na tone moja la piano, juu kabisa, peke yake. Ni Richard Wright, mpiga kinanda wao, anagonga noti moja, sauti inapitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye kuzunguka ndani, ndiyo maana inatoka kama imepita kwenye maji. Inagongwa, kimya, inagongwa tena. Zinapita karibu dakika 3 kabla mtu hajafungua mdomo. Halafu Wright na mpiga gitaa David Gilmour wanaimba pamoja, sauti zimelala moja juu ya nyingine, maneno ya mpiga besi Roger Waters: viumbe wa angani na wa baharini, kisha watu wawili wasiojuana wanapishana njiani na macho yanakutana. Kuanzia dakika ya 7 hivi inaingia sehemu ya kutikisa kichwa, besi na dramu zimeng'ang'ania mdundo mmoja, kinanda kinachokoza, gitaa linapiga kelele za kukatakata. Hapo hakuna anayelalamika.

Dakika ya 11 na kitu, mdundo unazama. Unabaki upepo, kunguru kwa mbali, na kilio cha kiumbe usichokijua, huyu anasema nyangumi, yule anasema shakwe. Ni gitaa. Gilmour alichomeka kinyume pedali ya wah-wah, ile ya kukanyaga kwa mguu inayoliza gitaa, gitaa likaingia kwenye tundu la kutokea, ikaanza kulia yenyewe kila akizungusha vitufe. Hiyo ndiyo "hitilafu ya mkanda" ya yule bingwa wangu. Na ni kweli inachosha. Nakubali, inachosha! Unakaa humo gizani dakika tatu nne huna pa kushika, unasahau kama kulikuwa na wimbo. Halafu, karibu na dakika ya 15, lile tone la piano linagongwa tena.

Ukiwa umeruka, hilo tone ni tone tu. Ukiwa umekaa humo, nywele zinasimama.

Kutoka hapo kinanda kinainuka taratibu, Gilmour anadonoa nyuzi huku ameziziba kwa kiganja, tiki tiki tiki, na mpiga dramu Nick Mason anaongeza kidogo kidogo nyuma yake. Hakuna haraka. Kufika dakika ya 18 na kitu gitaa linafunguka lote, na ubeti wa mwisho unaingia kwa melodi ile ile ya mwanzo. Melodi ile ile, lakini wewe siyo yule wa dakika ya 3.

Tena sisi ndio wa mwisho kusema hatuna subira ya nyimbo ndefu. Taarabu ya robo saa tunaicheza na kuitunza juu. Zile santuri ndogo za dansi, wimbo ulikuwa unagawanywa, ukigeuza upande wa pili ndipo magitaa yanachachamaa. Nani aliwahi kusikiliza upande wa kwanza tu akasema ameusikia wimbo? Ungechekwa mtaa mzima.

Na wale wanaosema Pink Floyd walijaza muda, hebu wasome walivyoufanya. Mwanzoni mwa 1971 waliingia studio bila wimbo. Wakarekodi vipande vipande, na kwa kuwa havikuwa kitu bado, wakaviita "Nothing" na kuvipa namba, mpaka 24. Vipande vilikuwepo tangu mwanzo, na jasho lilitoka kwenye kuviunga: kipi kife taratibu, kipi kirudi, mtu akae gizani muda gani kabla hujamrudishia tone lake. Sasa ukipunguza, unapunguza hasa ile kazi waliyoifanya.

Halafu usije ukanijibu kwamba utatazama ile filamu yao ya Pompeii, Italia, iliyoongozwa na Adrian Maben, badala yake. Itazame, ni nzuri mno, Oktoba 1971, jamaa wanne na mitambo yao ndani ya uwanja wa kale wa Warumi, bila hata mtazamaji mmoja. Lakini mle wimbo umegawanywa, nusu unafungua filamu na nusu unaifunga. Hiyo ni ya baadaye, ukishaujua wote. Vivyo hivyo ile video ya tamasha la Gdańsk, Poland, 2006, Gilmour na Wright wanaupiga kwenye eneo la kuunda meli. Wright alifariki 2008, na Gilmour amesema bila yeye hawezi kuupiga tena, maana namna wale wawili walivyokuwa wanajibizana mle ndani hufundishi mtu akaiweza. Ukiwatazama pale Gdańsk wanavyorushiana sauti, mmoja kwa gitaa mwingine kwa kinanda, wanatabasamu kama watoto, utaelewa kwa nini hakutafuta mbadala.

Kwa hiyo: Meddle, 1971, wimbo wa mwisho kwenye orodha. Tazama dakika kabla ya kubonyeza. Simu weka mbali, siyo kwa sababu ya ibada, kwa sababu mkono wako utataka kupeleka mbele pale kwenye kunguru. Nakujua, mimi mwenyewe bado unanitoroka.

Ukimaliza rudi hapa uandike dakika ya 18 ulisikia nini. Na huyo rafiki yako mlete jukwaani, nina maswali naye mawili matatu, likiwemo kama aliwahi kuwa na kibanda karibu na stendi.