Barua kwa mwanangu: Einstein hakuufuta wakati

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Mhadhiri kawaambia Einstein alithibitisha kuwa wakati ni kiinimacho, yaani jana, leo na kesho vyote vipo kwa pamoja. Shehe wa msikiti wa chuo naye akasema Kur'ani ilishayasema hayo zamani. Ndipo ukauliza: kama kesho ipo tayari, dua ya nini, na kukesha na vitabu kwa nini? Umeniuliza mimi, nadhani, kwa sababu nimefundisha fizikia. Baba yako angekujibu kwa neno moja na kurudi kwenye redio yake.

Nianze na kauli yenyewe. Einstein aliiandika Machi 1955 katika barua ya rambirambi. Aliyefariki ni Michele Besso, rafiki yake tangu ujana wao Zurich na mwenzake katika ofisi ya hataza, yaani ya haki za uvumbuzi, mjini Bern. Makala ya Einstein ya mwaka 1905 kuhusu uhusianifu inamalizikia kwa kumshukuru Besso, na hakuna mwingine anayeshukuriwa humo. Basi akawaandikia wafiwa kwamba rafiki yake amemtangulia kidogo tu kuiaga dunia hii ya ajabu, na kwamba kwa wanaoiamini fizikia, kutenga yaliyopita, yaliyopo na yajayo ni kiinimacho tu, ijapokuwa king'ang'anizi. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 18 Aprili mwaka huohuo. Wewe umekaa matangani, unajua mfiwa anavyopewa pole. Maneno yale hutoka moyoni kabisa, lakini hakuna anayeyapeleka ubaoni kama ithibati ya hesabu. Tena mwanafalsafa Rudolf Carnap, aliyezungumza naye, ameacha maandishi kwamba Einstein alikiri suala la “sasa” linamsumbua kwelikweli, kwa kuwa lina uzito kwa binadamu ambao fizikia haiwezi kuushika. Hilo wahadhiri hawalitaji.

Hata hivyo sisemi mhadhiri wako kazua. Jambo lipo, na ni zito. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein, inayosema vipimo vya wakati na nafasi hutegemea mwendo wa anayepima, imeondoa “sasa” moja inayoenea ulimwengu mzima. Chukua watu wawili wanaopishana barabarani, mmoja akielekea upande iliko galaksi ya Andromeda na mwingine akiipa mgongo. Galaksi hiyo iko umbali ambao mwanga huukata kwa takriban miaka milioni 2.5. Kwa mwendo wa miguu tu, hesabu za wawili hao kuhusu kinachotokea huko “sasa hivi” zinatofautiana kwa siku kadhaa, na wote wawili wako sahihi. Mwanahisabati Hermann Minkowski alipoziunganisha nafasi na wakati kuwa kitu kimoja mwaka 1908, wengi walihitimisha kuwa yote yamekwisha kutandazwa na sisi tunapita juu yake.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Hesabu zilezile zinasema kwamba kama tukio moja linaweza kusababisha jingine, hakuna mtazamaji popote, kwa mwendo wowote, atakayeona la pili likitangulia la kwanza. Mfuatano wa sababu na matokeo haukuguswa. Kilichoguswa ni kasi ya wakati kupita. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizizungusha dunia saa za atomiki ndani ya ndege za abiria. Zilizokwenda mashariki zikachelewa nanosekunde (bilioni za sekunde) 59 hivi, na zilizokwenda magharibi zikatangulia nanosekunde 273 hivi, zikilinganishwa na zilizobaki ardhini. Setilaiti zinazomwonyesha bodaboda njia kwenye simu yake, saa zake zingetangulia za huku chini kwa mikrosekunde (milioni za sekunde) 38 hivi kila siku kama zisingerekebishwa, na ndani ya siku moja ramani ingepotoka kwa kilomita kadhaa. Mtu harekebishi kisichokuwepo.

Sasa shehe. Nadhani aliisoma aya ya 47 ya Surat al-Hajj, kwamba siku moja kwa Mola wako ni kama miaka elfu mnayohesabu nyinyi. Wakristo wanayo ya karibu na hiyo katika Zaburi ya 90. Sipendi aya zikigeuzwa kurasa za kitabu cha fizikia. Nadharia ikirekebishwa kesho, aya tutaipeleka wapi? Lakini kama anataka kisa, achukue cha watu wa pangoni katika Surat al-Kahf. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakamtuma mwenzao mjini na fedha zao kununua chakula, na wafasiri wanasema sarafu zile za kale ndizo zilizowafichua. Hisia zao ziliwadanganya. Wakati wenyewe ulikuwa umepita, miaka 300 na tisa juu yake. Dini yangu haijaniambia wakati ni uongo; imeniambia umeumbwa. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alisema uliumbwa pamoja na ulimwengu, hapakuwa na “kabla”, na Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alishasema hivyo karne nyingi kabla yake. Katika hilo wangekaa mkeka mmoja.

Kuhusu dua na kusoma, swali lako ni la kadari, na lilikuwepo muda mrefu kabla ya Einstein. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham (Syria na nchi jirani) alipata habari kuna tauni, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Hata kwenye ule mkeka uliotandazwa wa Minkowski, usiku wako wa kukesha umo ndani yake, nao ni sababu ya alama zitakazofuata. Ukiuondoa, hiyo kesho si ileile tena.

Mhadhiri wako muulize hili, kwa adabu: kiinimacho lazima kimdanganye mtu, na kudanganyika kuna mwanzo na mwisho, huko kudanganyika kunatokea ndani ya nini? Akikujibu niandikie, nami nataka kujua.

Mama yako