Maswali ya Wasomaji: Sweta Lililobaki Mfukoni

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mkazi wa Sakina, Arusha. Tangu Agosti mwaka jana nimemaliza kufuma vipande vinne vya sweta la sufu la mume wangu, yaani mgongo, kifua na mikono miwili, lakini hadi leo vimo mfukoni. Nilijaribu kuunganisha ubavu mmoja, ukatokea mshono mnene kama kamba, nikaufumua. Isitoshe, mkono mmoja unaonekana mrefu kuliko mwenzake. Nimekata tamaa, na sasa natamani kuanza kazi nyingine: kisweta cha mtoto ambaye mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi wa Juni, sweta la shule la mwanangu, na shali ya mama yangu aliyeko Marangu. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na hilo lililo mfukoni, kwa sababu kazi ngumu umekwisha kuifanya na kilichobaki hakizidi siku chache.

Kwanza hesabu safu za mikono yote miwili, kuanzia ukingo wa kiganjani hadi kwapani. Zikiwa sawa, mkono huo haukuzidi bali umevutika tu, na maji yataurekebisha. Zikitofautiana, fumua ule mrefu kuanzia juu hadi chini ya kwapa, uondoe safu zilizozidi, kisha ufume tena sehemu ya begani. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, wala si ya kuogopa.

Kisha loweka vipande vyote katika maji ya baridi kwa muda wa dakika 20, uvikamue kwa kuvibana ndani ya taulo bila kuvisokota, uvilaze juu ya godoro lililotandikwa taulo kavu, uvipime kwa futi na kuvichomeka pini pembeni hadi mgongo na kifua vilingane urefu, ndipo uviache vikauke kivulini. Sufu hukaa vile ulivyoipanga ikiwa mbichi. Ila usiifikiche katika maji ya moto, kwani nyuzi zake hushikana na kipande husinyaa bila kurudi tena. Siku utakapofuma kwa uzi wa akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani usio sufu, jihadhari na pasi: joto huulegeza uzi huo moja kwa moja, na sweta hupoteza uwezo wake wa kuvutika na kurudi.

Sasa tuje kwenye mshono uliokukatisha tamaa. Bila shaka uliviweka vipande uso kwa uso ukavishona kama kitambaa cha gauni. Kwa sweta, vilaze ubavu kwa ubavu, uso ukiwa juu, na utumie sindano butu yenye tundu kubwa pamoja na uzi uleule uliofumia. Vuta kidogo ukingo wa kipande kimoja, nawe utaona, kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili, vijiuzi vidogo vilivyolala kama vipandio vya ngazi. Pitisha sindano chini ya kijiuzi kimoja cha kulia, halafu chini ya mwenzake wa kushoto, uendelee hivyo kwa sentimita 5 hivi bila kukaza, kisha uvute uzi taratibu. Kingo mbili zitasogeleana na mshono utapotea machoni. Nimefuma miaka mingi, na bado kila ninapofika hapo huwa nasimama kidogo nikaangalia.

Unganisha mabega kwanza, kisha pachika mikono. Ubavu na upande wa chini wa mkono vishonwe mwisho, kwa mshono mmoja mrefu. Ili ufume ukingo wa shingo, okota vitanzi, yaani vuta vitanzi vipya kwa sindano kutoka ukingoni, 3 kwa kila safu 4, kwa kuwa upana wa kitanzi ni mkubwa kuliko kimo cha safu. Ukiokota kimoja kwa kila safu, shingo itajaa mawimbi. Funga vitanzi vya mwisho kwa kulegeza, la sivyo kichwa hakitapita.

Mumeo akishalivaa, lipime, maana hilo ndilo litakalokuongoza katika kazi zijazo. Tuseme ulikusudia vitanzi 22 katika sentimita 10, ukaanza na vitanzi 110 ili upate sentimita 50. Mkono wako ukilegea ukapata 20 tu, kipande kilekile kitakuwa na sentimita 55, na kwa mbele na nyuma sweta litakuwa limezidi sentimita 10. Ndiyo maana nasisitiza ufume kwanza kipande cha majaribio, ukifue, kikauke, ndipo uhesabu.

Kati ya kazi zako tatu, tanguliza kisweta cha mtoto, kwa kuwa Juni haisubiri. Kifungue mbele kwa vifungo ili kichwa cha mtoto kisilazimishwe kupita shingoni, na uepuke mapambo yenye matundu yanayonasa vidole. Shali ifuate, kwani haihitaji kipimo cha mwili na baridi ya Julai huko Marangu unaijua. Sweta la shule ningeliacha: yale ya mashine yanapatikana mjini, na mtoto anakua haraka kuliko mkono wako unavyofuma. Kwa shali, nunua uzi wote siku moja, ukihakikisha namba ya rangi kwenye lebo ni ileile, kwa sababu uzi uliotiwa rangi mara nyingine huonyesha mstari.

SWALI: Mama, niko Moshi. Nimeona masweta mazuri ya sufu kwenye mitumba ya Kiboriloni. Je, naweza kuyafumua nipate uzi?

JIBU: Unaweza, lakini ligeuze sweta ndani nje kabla ya kulipa. Ukiona kingo za mshono zimekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, liache, kwani kila safu imekatwa na utapata vipande vifupi tu. Kama kila kipande kina ukingo wake mzima na kimeunganishwa kwa mshono mmoja, fumua mshono huo, kisha anza kufumua kipande kutoka juu, pale kilipomalizikia. Angalia pia kama sufu imeshikana kwa kufuliwa vibaya, kwa sababu uzi wa namna hiyo hukatika kila unapouvuta. Uzi utatoka umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweke, kisha uuning'inize ukauke. Ukinyooka, uko tayari kwa sindano.