Kikosi cha moto kichaa: njoo Mei, usingoje Septemba

Vijana wengi wanaotaka kujiunga na kikosi chetu cha kujitolea cha kuzima moto wa porini, huku Sikonge mkoani Tabora, huja Septemba, moshi ukiwa umeshafunika kijiji. Tunawapokea, lakini kazi kubwa inakuwa imeshapita. Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, ndipo tunapolima barabara za moto, yaani njia tupu za kuzuia moto usivuke, kuzunguka msitu wa kijiji na mabani (vibanda vya kukaushia tumbaku). Tunafyeka na kukwangua hadi udongo uonekane. Ni kazi ya jembe na panga, jua la utosini, na hakuna anayekuja kukupiga picha.

Kipindi hicho hicho tunachoma sehemu chache kwa makusudi, jioni upepo ukitulia, tena kwa kibali, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kujichomea pori apendavyo. Nyasi zenye ubichi huungua kivivu. Mkizembea mpaka Agosti, moto unapanda hadi kwenye mizinga iliyotundikwa juu ya miti ya mitundu, na hapo sahau asali.

Siku ya tukio vaa pamba. Jezi ya nailoni, hata kama ni ya timu yako, iache nyumbani. Huyeyuka ikagandia ngozini. Kandambili usithubutu. Kata tawi bichi lenye majani mengi la kuzimia moto. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, usipige kama unaua nyoka." Ukiinua tawi juu unarusha cheche nyuma yako. Likandamize juu ya moto, kisha livute kuelekea palipoungua. Wala usiukabili moto usoni. Uingie ubavuni, palipokwisha kuungua pakiwa hatua chache tu kutoka ulipo. Upepo ukigeuka, kimbilia huko kwenye majivu.

(Mjini nyumba ikishika moto, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Huku porini gari lao lina safari ndefu, ndiyo maana tupo.)

Usianze kumtafuta mwenye kosa moto ukiwa unawaka. Mara nyingi ni jirani tu aliyekwenda kurina asali akaacha mwenge. Huyo mwachie mwenyekiti wa kijiji.

Miali ikishalala, wengi huondoka wakishangilia, na mimi hapo ndipo ninapomjua mtu wa kikosi. Gogo kavu au kisiki kinaweza kufuka kwa siku kadhaa, moto ukitembea ndani ya mizizi. Pitisha mgongo wa kiganja karibu na gogo bila kuligusa. Ukisikia joto, chimba, tenganisha vipande, fukia kwa udongo, kisha rudi upime tena.

Nyumbani waambie mapema, kwa sababu mwito hauchagui siku, hata ya soko la tumbaku. Pangeni zamu za usiku, na kila mtu abebe tochi, maji ya kunywa na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mfukoni. Ugali wa kuletewa huwa unafika alfajiri, umeshapoa.