Unapoanza kulifuatilia Bunge la Afrika Mashariki

Wageni wa kazi hii, wawe waandishi wa habari, maofisa wa asasi za kiraia au wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, hufika Arusha, linakokaa Bunge hili, na mazoea ya Dodoma au Nairobi. Hutafuta upande wa serikali, hutafuta kambi rasmi ya upinzani, hutafuta mnadhimu wa chama. Humo hamna. Wanaokaa ukumbini ni nchi, na vyama ni jambo la pili.

Anza na Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000. Huna haja ya kuumaliza wote. Soma Ibara ya 48 hadi ya 65, kisha zichapishe ukae nazo mkononi, maana hoja ya utaratibu ikizuka huna muda wa kuperuzi simu.

Hesabu ya wajumbe ni rahisi, ila wengi huikosea. Kila nchi mwanachama huchagua wabunge 9. Tangu Somalia ikamilishe kujiunga Machi 2024, nchi ni 8, kwa hiyo viti vya kuchaguliwa ni 72. Juu yake kuna wanaoingia kwa nyadhifa zao: waziri anayeshughulikia masuala ya Jumuiya kutoka kila nchi, Katibu Mkuu wa Jumuiya na Mwanasheria wa Jumuiya. Hao 10 huongea, hujibu maswali, huwasilisha miswada, lakini hawapigi kura. Ukiandika kwamba hoja imepita kwa kura kadhaa "ikiwamo ya waziri", mhariri anayejua kazi yake atakurudishia.

Mwananchi wa kawaida hapigi kura kumchagua mbunge wa Bunge hili. Anayechagua ni bunge la taifa, na haruhusiwi kumchagua mtu ambaye tayari ni mbunge wake. Hapa ndipo watu hulichanganya na Bunge la Afrika lenye makao yake Midrand, Afrika Kusini, ambalo kila nchi hupeleka wajumbe 5 kutoka bunge lake na kazi yake hadi sasa ni kushauri. La Arusha linatunga sheria. Ukiona taarifa inayoyaita yote mawili "bunge la kikanda" bila kutofautisha, iweke kando.

Ibara ya 50 inataka wale 9 wawakilishe, kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Namna ya kuwapata kila nchi inajipangia, na humo ndimo migogoro mingi huzaliwa. Kesi ya lazima kuisoma ni ile ya mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o na wenzake ya mwaka 2006. Kenya ilikuwa imepata majina kutoka kwenye vyama, yakapitishwa na kamati ya bunge, basi. Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wasiapishwe Novemba 2006, na Machi 2007 ikaamua kwamba huo haukuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50, kwa kuwa bunge lenyewe halikuchagua. Sasa linganisha na Ibara ya 52, inayosema swali la kama mtu ni mbunge halali huamuliwa na chombo cha nchi yake kinachoamua kesi za uchaguzi wa bunge la taifa. Zote mbili zinasimama: ubishi wa mtu na kiti chake unakwenda nyumbani, ubishi wa kama Mkataba umefuatwa unakwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mtu akikuambia amefungua kesi, muulize kwanza amefungua ipi kati ya hizo.

Tokeo la pili la mfumo huu ni kwamba nchi moja ikichelewa, wote wanasubiri. Mwaka 2017 Kenya haikuchagua wabunge wake kwa wakati, Bunge la nne likaapishwa Desemba badala ya Juni. Ndiyo sababu la tano nalo lilianza Desemba 2022. Muhula ni miaka 5, na mbunge anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiendelee, ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Inatakiwa nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na ndani ya nusu hiyo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi, yaani 3 kati ya 9. Fanya hesabu: nchi 7 zikijaza viti vyote 63, na ya nane ikaleta wabunge 2, ukumbini wapo 65 kati ya 72 na akidi haijatimia. Wabunge 7 wa nchi moja wakitoka nje, shughuli inasimama. Silaha hii inatumika. Desemba 2017, wabunge wa Burundi na Tanzania walisusia uchaguzi wa Spika, Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa bila wao, na uhalali wa uchaguzi ule ukapelekwa mahakamani. Kwa hiyo ukifika kwenye kikao chenye hoja nzito, usihesabu vichwa kwa jumla. Chora safu 8 kwenye daftari, nchi kwa nchi, na uzijaze kila mtu anapoingia au kutoka. Ni kazi ya kuchosha, lakini mara nyingi itakuambia hatima ya hoja kabla Spika hajaihoji.

Spika huchaguliwa na wabunge wa kuchaguliwa kutoka miongoni mwao, kwa zamu ya nchi. Hadi sasa zamu imepita Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi.

Sasa mswada. Unaweza kuletwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya au na mbunge yeyote. Mbunge ana mipaka miwili: uhusu shughuli za Jumuiya, na usiutwike mfuko wa Jumuiya gharama. Mpaka wa pili ndio unaoua miswada binafsi. Asasi huandaa rasimu nzuri, wakaweka ndani yake tume mpya yenye makao na watumishi, kisha wakashangaa inapokwama. Ukisaidia kuandika, kazi hiyo ipe chombo ambacho tayari kipo.

Mswada husomwa mara ya kwanza, ukaenda kamati, ukarudi na taarifa, ukasomwa mara ya pili, ukapita Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, kifungu kwa kifungu, kisha ukasomwa mara ya tatu. Kamati ndiyo mahali pa kupeleka maoni. Ukingoja kusomwa mara ya pili umechelewa. Peleka maoni yako kwa kifungu: namba yake, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, sababu kwa sentensi mbili. Waraka wa kurasa 20 wenye historia ya utangamano hausomwi na mtu.

Kisha kosa kubwa kuliko yote: kutangaza "sheria mpya ya Afrika Mashariki" siku ambayo Bunge limepitisha mswada. Bado si sheria. Unahitaji idhini ya Wakuu wa Nchi wote. Usipoipata ndani ya miezi mitatu, unarudishwa Bungeni ufikiriwe upya. Ukipitishwa tena na hata mkuu mmoja wa nchi akakataa, umekufa. Andika "mswada umepitishwa na Bunge, unasubiri idhini", na uweke kwenye kalenda yako tarehe ya miezi mitatu mbele.

Hata idhini ikipatikana, uliza utekelezaji unaanza lini na wapi. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ina mwaka 2016 kwenye jina lake, lakini Tanzania ilianza kuitumia 1 Machi 2019. Kinyume chake, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 ilianza kazi Januari 2005, na hadi leo ndiyo inayoongoza ushuru wa mizigo Mombasa na Dar es Salaam. Kwa Ibara ya 8, sheria ya Jumuiya inapogongana na ya taifa kwenye jambo la Mkataba, ya Jumuiya ndiyo hushinda.

Bunge pia hujadili na kuidhinisha bajeti ya Jumuiya kabla ya mwaka wa fedha kuanza 1 Julai, na Kamati ya Hesabu hupitia taarifa za ukaguzi. Wanahabari huikimbia kamati hii kwa sababu ya tarakimu, nasi tunaona ndimo habari nzuri zaidi zilimo. Nchi zikichelewesha michango, vikao na ziara za kamati huahirishwa, wakati mwingine kwa taarifa ya siku chache. Vikao vingine huzunguka nchi wanachama. Thibitisha na Ofisi ya Katibu wa Bunge kabla ya kukata tiketi, na nunua ile inayobadilishika tarehe.