Kabla Hujaandika Kwamba Wachina Wanapenda Chao

Kila Septemba wanafika wadogo zetu wapya kutoka Dar, Nairobi na Bujumbura kusoma biashara Shanghai, Wuhan au Guangzhou, na kabla ya mwaka kuisha wengi wanapewa kazi ileile na mwalimu: eleza kwa nini chapa za Ulaya na Marekani zinabanwa na wapinzani wao wa China. Majibu nayo hufanana. Wachina ni wazalendo, na wageni hawakuelewa utamaduni. Mimi nafanya kazi ya masoko huku, nimesoma ripoti za namna hiyo za wanafunzi na hata za watu wanaolipwa vizuri. Ushauri wangu ni kwamba majibu hayo mawili myaweke pembeni mpaka mmemaliza kuangalia bei, kasi, na nani hasa mwenye mamlaka ya kuamua. Mara nyingi mkimaliza hapo hamtayahitaji tena.

Chukueni kahawa. Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani, ilifungua duka lake la kwanza Beijing Januari 1999. Kama utamaduni ndio ungeamua, kahawa isingeota mizizi kabisa katika nchi ya chai, na akitokea Mchina wa kuiangusha Starbucks angekuja na birika la chai. Aliyekuja ni Luckin, mwaka 2017, tena na kahawa hiyohiyo. Maduka yake mengi ni vichumba vidogo visivyo na mahali pa kukaa. Unaagiza na kulipa kwa simu ukiwa bado njiani, unafika, unachukua kikombe chako, unaondoka. Mwaka 2021 wakatoa latte ya maziwa ya nazi ikauzika kwelikweli (mtu wa Tanga hataona ajabu). Mwaka 2023 wakamwaga vocha za kikombe kwa yuan 9.9, wakati Starbucks ilikuwa ikiuza kwa karibu yuan 30. Mwaka huohuo wakaipita Starbucks nchini China kwa idadi ya maduka na kwa mauzo. Septemba yake wakachanganya latte na pombe kali ya Moutai, na siku ya kwanza tu wakauza vikombe zaidi ya milioni 5.4.

Sasa tazameni hiyo bei ya 9.9 ilitoka wapi, maana hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotea. Haikulengwa hasa kwa Mmarekani. Mwaka 2022 waanzilishi wa Luckin, ambao walikuwa wameondolewa baada ya kashfa, walianzisha kampuni nyingine, Cotti, na kuanza kuuza kwa bei ya kutupa. Luckin ikajibu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi ilikuwa Starbucks, yenye makao makuu Seattle. Karibu kila sekta nitakayowatajia ina vita ya namna hiyo ndani yake, Mchina kwa Mchina, na mgeni anajikuta katikati. Ukichora mchoro wenye pande mbili, Magharibi huku na China kule, tayari umeshamficha mpinzani mkali kuliko wote.

Kashfa yenyewe msiipite haraka. Aprili 2020 Luckin ilieleza kwamba sehemu kubwa ya mauzo yake ya 2019, kiasi cha yuan bilioni 2.2, ilikuwa ya kubuni. Ikaondolewa Nasdaq, soko la hisa la New York, mwaka huohuo. Wanywaji wakaendelea kunywa. Kwa hiyo takwimu za kampuni msizinakili kama zilivyo kwenye slaidi za wawekezaji, na msidhani kwamba kilichowashtua wawekezaji New York kitamshtua mtu anayewahi treni ya saa mbili asubuhi Shenzhen.

Kesi ya zamani ambayo bado naipenda kuliko zote ni ya eBay, soko la mtandaoni la Marekani. Mwaka 2003 ilikamilisha kuinunua EachNet ya Shanghai, iliyokuwa ikiongoza minada ya mtandaoni. Mwaka huohuo Alibaba, kampuni ya China, ikaanzisha soko lake, Taobao. eBay ilitoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, Taobao haikutoza. eBay haikutaka muuzaji na mnunuzi waongee moja kwa moja, kwa hofu kwamba watamalizana pembeni na ada iyeyuke. Taobao iliwawekea mahali pa kuchati wapatane bei, jambo ambalo yeyote aliyewahi kununua vitenge Kariakoo haelezwi faida yake. Mwaka 2004 ikaja Alipay, inayoshikilia pesa ya mnunuzi mpaka mzigo ufike. Wakati Taobao inafanya yote hayo, eBay ilikuwa inaihamishia tovuti ya China kwenye mfumo wake wa dunia nzima. Kurasa zikawa nzito kufunguka, na mabadiliko madogo yakawa yanangoja idhini ya Marekani. Desemba 2006 ikatangaza kuifunga tovuti hiyo na kuingia ubia na TOM Online, kampuni ya mtandao ya China.

Mtu ataniambia: si umeona, utamaduni wa kupatana bei! Lakini EachNet ilianzishwa na Wachina. Watu waliojua namna wenzao wanavyonunua walikuwa wamekaa ndani ya ofisi. Hawakuwa na ruhusa.

Hilo nimeliona kwa macho katika kazi hii, kwa wateja ambao majina yao nayaacha. Tangazo la Qixi, sikukuu ya wapendanao ya Kichina, linaandaliwa mapema, linapelekwa Ulaya kukaguliwa, linarudi na idhini wakati sikukuu imeshapita. Mpinzani wa hapa ameona video fulani inasambaa Douyin (TikTok ya China) Jumatatu, Ijumaa ana kifurushi chenye picha ileile. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili na kampuni ya kigeni huku, ukifika wakati wa kuuliza maswali yako, usiulize habari za maono ya kampuni. Uliza ni nani anayeweza kubadilisha bei bila kupiga simu nje ya China. Jibu litakuonyesha mustakabali wa hiyo ofisi kuliko ripoti ya mwaka.

Waliodumu wengi waliitoa hiyo ruhusa, na wengine waliiuza kabisa. KFC ilifika Beijing mwaka 1987, karibu na uwanja wa Tiananmen, na leo asubuhi utakula uji wa mchele na youtiao (unga wa kukaanga) humo bila mtu kukushangaa. Tangu 2016 inaendeshwa na Yum China, kampuni iliyotenganishwa na mama yake wa Marekani. Mwaka 2017 McDonald's ikauza sehemu kubwa ya biashara yake ya China bara na Hong Kong kwa kampuni za uwekezaji, CITIC ya China na Carlyle ya Marekani. Kwenye magari hali imegeuka zaidi: Volkswagen, iliyosaini ubia wa Shanghai mwaka 1984 ikiwa ndiyo yenye ujuzi, mwaka 2023 ilipitwa na BYD ya China kama chapa inayouza zaidi nchini humo, na Julai mwaka huo ikatangaza kutoa takriban dola milioni 700 kwa karibu asilimia 5 ya Xpeng, kampuni ya China ya magari ya umeme, ili iunde magari kwa kutumia teknolojia ya kampuni hiyo changa.

Uzalendo upo, sisemi haupo. Machi 2021, kwenye mgogoro wa pamba ya Xinjiang, ambayo chapa za nje ziliikataa kwa madai ya kazi ya kulazimishwa, bidhaa za kampuni ya nguo H&M ziliondolewa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni, na maduka yake yakapotea hata kwenye ramani za simu. Nike na Adidas nazo ziliungua, chapa za China, Anta na Li-Ning, zikafaidi. Mauzo ya Adidas China yalishuka kwa zaidi ya theluthi mwaka 2022. Ila mwaka uliofuata yakaanza kupanda tena, na timu ya Shanghai ikapewa nafasi kubwa zaidi ya kubuni nguo za soko lake. Hasira ni ile ile, nchi ni ile ile, kilichobadilika ni bidhaa na mwenye kuiamua.

Tena hiyo hasira haichagui pasipoti. Septemba 2023 mtangazaji maarufu wa mauzo ya mubashara, Li Jiaqi, aliambiwa na mtazamaji kwamba penseli ya nyusi ya Florasis kwa yuan 79 ni ghali. Akamjibu kwa kuhoji kama amefanya kazi kwa bidii ya kutosha na kama mshahara wake umepanda. Watu waliwaka. Aliomba radhi huku analia, na Florasis, chapa ya China inayojinadi kwa urembo wa Kichina, ikavunjiwa heshima pamoja naye. Kampuni kongwe za sabuni za nywele za bei nafuu zikaamka na vifurushi vya yuan 79 vyenye chupa kadhaa. Kama uchina wa bidhaa ungekuwa kinga, wiki ile isingetokea.

Mkienda kukusanya taarifa, tokeni Shanghai. Pandeni treni mpaka miji ambayo hamjawahi kuisikia na mhesabu maduka ya Mixue, chapa ya vinywaji vya bei nafuu iliyoanzia Zhengzhou mwaka 1997 na kufikisha maduka zaidi ya 45,000 mwishoni mwa 2024, mengi yakiwa ya watu binafsi wanaonunua malighafi na mashine kutoka kwake. Humo ndimo faida yake inamotoka, kwa hiyo inaweza kuuza maji ya limao kwa yuan 4. Na bei msiandike ile ya ubaoni. Fungueni Meituan, programu ya simu ya kuagiza chakula, wekeni vocha zote, muandike kile ambacho simu imekata kweli. Maoni ya nyota moja yana faida kuliko ya nyota tano, maana nyingi za nyota tano zimenunuliwa kwa chipsi za bure.

Na kama bado hamjapata mada ya tasnifu, ipo: Novemba 2025 Starbucks ilitangaza kuwauzia Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya China, hadi asilimia 60 ya biashara yake ya China, ikathaminishwa dola bilioni 4. Swali ni uamuzi gani utakaohama kwanza kutoka Seattle, bei, menyu, au ukubwa wa maduka. Anzeni leo kuhifadhi picha za menyu na bei za mji mlipo, kila mwezi, maana zikishabadilishwa hakuna atakayewapa za zamani.