Swali la lugha: “Katika dakika 4” au “katika dakika ya 4”?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunafanya mazoezi ya matumizi ya integrali, na maswali tunajitungia wenyewe kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja alitunga hili: “Tangi lina lita 40 za maji. Bomba linafunguliwa na maji yanaingia kwa kasi ya lita 6t kila dakika, t ikiwa ni idadi ya dakika tangu bomba lifunguliwe. Maji yataongezeka kwa lita ngapi katika dakika ya 4?” Tulipolinganisha majibu, wapo waliopata 48, wapo waliopata 21, na mmoja aling’ang’ania 88. Hesabu tumezirudia na kosa hatulioni. Je, tatizo ni lugha? Na pili, kwenye maswali ya kutafuta ujazo wa umbo linalotokana na eneo kwenye grafu, eneo “linazungushwa”, “linazungukwa” au “linazunguka” mhimili?

JIBU: Marahaba. Kosa hamlioni kwa sababu hesabu zote tatu ni sawa. Kila mmoja wenu amejibu vizuri swali lake, ila ni moja tu kati ya majibu hayo linalolijibu swali lililoandikwa. Jibu hilo ni 21.

Tazameni kiunganishi kile kidogo, “ya”. “Dakika 4” ni urefu wa muda: dakika nne nzima, tangu bomba lifunguliwe. “Dakika ya 4” ni dakika moja tu, ile inayofuata baada ya tatu kupita. Mtangazaji wa mpira akisema bao limefungwa katika dakika ya 4, hakuna anayedhani kwamba bao hilo lilichukua dakika nne kuingia wavuni. Sasa rudini kwenye tangi. Integrali ya 6t, yaani jumla ya maji yanayoingia tangu mwanzo hadi t, ni 3t². Katika dakika 4, yaani kutoka t = 0 hadi t = 4, yanaingia maji lita 48. Katika dakika ya 4, yaani kutoka t = 3 hadi t = 4, ni 48 toa 27, lita 21. Silabi moja imeondoa lita 27, na mtunzi wa swali hakukosea popote. Waliopata 48 waliisoma sentensi kwa haraka, wakairuka “ya”.

Aliyepata 88 naye aliteleza penye “kwa”. Tukisema kitu kimeongezeka kwa kiasi fulani, tunataja nyongeza. Tukisema kimeongezeka hadi kiasi fulani, tunataja kilipofikia. Baada ya dakika 4 maji yameongezeka kwa lita 48, yamefika lita 88. Tofauti hii ni ya lazima kwa anayefanya mazoezi ya integrali, maana integrali ya kasi ya badiliko hutoa nyongeza peke yake. Mwanahisabati Leibniz alipobuni alama ya integrali mwaka 1675 aliichora kama herufi S iliyorefushwa, kwa sababu alichokusudia kilikuwa jumla: vipande vidogo vidogo vinavyojumlishwa. Zile lita 40 za mwanzo hazimo ndani ya jumla hiyo. Mkiuliza “hadi lita ngapi”, mwanafunzi lazima azikumbuke mwenyewe na kuziongeza. Kwa hiyo nawashauri mtunge maswali ya namna zote mbili kwa makusudi, moja la “kwa” na moja la “hadi”, kwa tangi lilelile. Ni zoezi zuri kuliko kubadilisha namba tu.

“Kwa” ina mzigo mwingine unaonisumbua zaidi. Hutaja kiasi, hutaja kasi, na wengine huitumia hata kwa muda. Nimeona sentensi kama “maji yaliongezeka kwa lita 48 kwa dakika 4”. Je, hii ni jumla ya maji yaliyoingia, au ni kasi ya lita 48 kila baada ya dakika 4? Msomaji hawezi kujua. Mtunzi wenu alifanya jambo la busara kuandika “lita 6t kila dakika”, na mimi ningefuata mtindo huohuo daima: “kwa” ibaki na kiasi, “kila” ichukue kasi, “katika” ichukue muda. “Maji yaliongezeka kwa lita 48 katika dakika 4.” Hapo hakuna wa kubabaika.

Kuna mtego mmoja ambao hamjauuliza lakini mtaukuta karibuni, nao ni wa mipaka ya integrali. Mkiandika “kutoka dakika ya 2 hadi dakika ya 4”, mmefungua milango miwili. Anayesoma dakika hizo kama alama za saa ataanza t = 2 na kupata 48 toa 12, lita 36. Anayezisoma kama vipindi atasema dakika ya 2 ilianza pale t = 1, nayo imo kwenye hesabu, hivyo atapata 48 toa 3, lita 45. Kiswahili kinamkubali kila mmoja wao, na hapa ndipo nisipoweza kumlaumu msomaji. Mtunzi ndiye wa kurekebisha. Ama andikeni waziwazi “kuanzia t = 2 hadi t = 4”, ama mkitumia maneno semeni “tangu zilipotimia dakika 2 hadi zilipotimia dakika 4”. Kitenzi “timia” kinafaa sana hapa, kwa kuwa hakitaji kipindi bali ule mwisho wake, na mpaka wa integrali ni nukta kama hiyo.

Kwenye maswali ya mwendo, angalieni “umbali”. Mpira unasukumwa kupanda mteremko, kasi yake ikiwa mita 6 − 2t kila sekunde, t sasa ikiwa ni idadi ya sekunde. Unapanda mita 9, unasimama sekunde 3 zinapotimia, kisha unarudi ulikotoka. Zinapotimia sekunde 6, umbali wote uliobingirika ni mita 18, ilhali umbali wake kutoka ulipoanzia ni sifuri. “Umbali” peke yake haujitoshelezi hapo. Uandikiwe mwenzake: “umbali wote uliobingirika” au “umbali kutoka ulipoanzia”.

Nije kwenye swali la pili. “Zunguka” ni kwenda duara: mwezi huizunguka dunia. “Zungusha” ni kukifanya kitu kizunguke. “Zungukwa” ni kuwa katikati, vitu vingine vikiwa pande zote. Kwa hiyo eneo likisemwa “linazungukwa na mhimili”, maana yake mhimili umelizingira, na umbo lenu halitapatikana. Sentensi sahihi ni “eneo linazungushwa kuuzunguka mhimili wa x”, na msiiache ile -u- ya mtendwa inayourejelea mhimili. “Linazungushwa kwenye mhimili” inaeleweka, sitaikata kwa kalamu nyekundu, ila haisemi wazi kwamba mhimili ndio uliotulia katikati.

Tatizo ni kwamba maswali haya huhitaji dhana zote mbili katika sentensi moja, kuzingirwa na kuzungushwa, na mzizi mmoja ukibeba zote mbili macho huchanganyikiwa. Mimi huipa ya kwanza kitenzi chake: “Eneo lililozingirwa na mkunjo wa y = √x, mhimili wa x na mstari x = 4 linazungushwa kuuzunguka mhimili wa x. Tafuta ujazo wa umbo linalopatikana.” Jibu lake ni 8π, na vizio vyake ni vya ujazo, si vya mraba.