Waya umezama kwenye fikasi yangu: nifuate Wachina au Wavietnamu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bonsai, yaani mti unaofanywa mdogo kwenye chungu. Ni fikasi, jamii ya mkuyu, ina mashina mawili yaliyotoka kisiki kimoja, moja nene na jingine kama kidole. Niliifunga waya wa alumini ili matawi yalale, nikasafiri miezi miwili. Niliporudi nikakuta waya umezama kwenye gome. Rafiki yangu anasema Wachina hawatumii waya, ni mkasi tu. Mwingine anasema nifuate Wavietnamu, ambao miti yao ina majina kama "baba na mwana". Wanatofautiana vipi, na mimi nishike lipi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Tuanze na waya. Usiufungue kwa kuuzungusha kinyume, utaondoka na gome. Ukate kwa koleo, mzunguko mmoja baada ya mwingine, vipande vidondoke vyenyewe. Palipomezwa kabisa paache, kuchimba kutaumiza zaidi. Kwa joto la Tanga fikasi hunenepa upesi, kwa hiyo waya hauachwi hata mwezi bila kukaguliwa.

Rafiki yako amesema kweli, ila nusu. Mti wa chunguni wa Kichina ni sehemu ya sanaa iitwayo penjing, yaani mandhari ya kwenye sinia, na kila eneo lina mkono wake. Mafundi wa mji wa Yangzhou hufunga matawi machanga kwa nyuzi za mti wa jamii ya mchikichi, wakayapinda mpaka wakasema "inchi moja, mikunjo mitatu", na majani yakakaa bapa kama mawingu. Kazi safi, lakini mimi naiona imebanwa mno.

Wa mkasi ni watu wa Guangdong, kusini, wanaoitwa shule ya Lingnan, yaani mkondo wao wa sanaa hii. Kwao kuna joto, mti ukikatwa unachipua haraka, na fikasi ni miongoni mwa miti yao wanayoipenda. Tawi wanaliacha likimbie bila kuguswa, hata likiharibu sura ya mti, mpaka linenepe karibu sawa na pale lilipoanzia. Hapo wanalikata, likabaki kipande kifupi, juu kidogo ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama upande wanaoutaka. Jicho hilo likichipua nalo linaachwa likimbie, kisha linakatwa, fupi kuliko la kwanza, likielekea upande mwingine. Kila mkato unazaa kona na kila kona ni nyembamba kuliko iliyotangulia. Baada ya miaka mingi tawi linakuwa kama pembe ya swala, na ncha zake kama kucha za kuku. Kwenye maonyesho huupukutisha mti majani yote ili watu waone matawi tu. Huo ndio mtihani, maana kasoro haina pa kujificha. (Hata wao huvuta tawi bichi kwa kamba au waya mwanzoni, ila sura haitegemei waya.)

Wavietnamu wanaanzia kwingine. Wao wana hòn non bộ, jiwe linalosimama ndani ya beseni la maji kama kisiwa, na vimiti vikiota juu yake. Mapenzi yao ya milima ya kutengeneza ni ya zamani: mwaka 985 mfalme Lê Hoàn alijengewa mlima wa mianzi juu ya mto kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake. Kwa mti wenyewe kuna mikao minne ya msingi: uliosimama wima, ulioinama, uliolala na unaoning'inia. Juu ya hiyo ndipo linapokuja jina. Katika vijiji vya miti kama Vị Khê, kwenye uliokuwa mkoa wa Nam Định, mti husomwa kama methali: baba na mwana, ndugu wawili, mama na mtoto. Mingi si midogo hata kidogo. Inamzidi mtu kimo na inakaa uani.

Kwako wewe, chukua wazo kwa Wavietnamu na mkasi kwa Wachina. Mashina mawili yenye kisiki kimoja tayari ni baba na mwana, hukuhitaji kuyabuni. Mwana abaki mfupi dhahiri, na ainame upande uleule wa baba. Wakielekea kila mmoja kwake, mtazamaji ataona ugomvi.

Ukiacha waya, usikate tawi wala shina sasa, mti umejeruhiwa. Ngoja majani mapya yakomae, kisha anza na shina la baba: chagua jicho, kata juu yake, futa ule utomvu mweupe kwa kitambaa chenye maji mpaka uache kutiririka. Unanata kwenye nguo na hautoki. Matawi ya chini yaache yakimbie, ndiyo yatakayonenepesha kisiki. Majirani watakuuliza mbona mti umekuwa kichaka. Vumilia, hiyo ni kazi ya miaka, na mwaka wa kwanza huwa hauna sura kabisa.